Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Kurudi Angani Baada ya Kustaafu

SWALI: Wahariri, salaam. Nilirusha ndege kwenye kompyuta kwa miaka mingi, mara ya mwisho nikitumia Flight Simulator X. Kazi na malezi vikanibana, nikaacha. Sasa nimestaafu na muda ninao, ila kiinua mgongo hakiongezeki. Nataka kompyuta ya mezani itakayonitosha bila kunifilisi. Kila tangazo ninalosoma limejaa namba nisizozielewa. Nianzie wapi?
*Mstaafu, miaka 66*

JIBU: Shikamoo mzee. Kompyuta iache kwanza. Anza kwa kuamua utarusha programu ipi, kisha uchague skrini, na kompyuta yenyewe ije mwisho. Wengi hufanya kinyume chake, na ndiyo maana wanalipia nguvu wasiyoitumia huku wakipungukiwa pale inapohitajika.

Flight Simulator X ilitoka 2006. Ilitegemea sana kiini kimoja cha prosesa, ubongo wa kompyuta, ndipo ikazuka kanuni ya kutafuta gigahezi nyingi, yaani mipigo mingi kwa sekunde, kadiri pesa inavyoruhusu. Kanuni hiyo imepitwa na wakati. Prosesa ya leo hufanya kazi nyingi zaidi katika kila mpigo kuliko ya 2008 yenye gigahezi zilezile, kwa hiyo usilinganishe prosesa za vizazi tofauti kwa gigahezi peke yake. Habari njema ni kwamba ule ugonjwa wa programu kuzimika karibu na kutua baada ya safari ndefu, kwa sababu ilikuwa ya biti 32 na haikuweza kutumia zaidi ya GB 4 za kumbukumbu (RAM), umeisha. Programu za sasa ni za biti 64.

Microsoft Flight Simulator 2024 ndiyo yenye mandhari ya kuvutia kuliko zote, na ndiyo nzito kuliko zote. Watengenezaji wanataja kiwango cha chini kuwa prosesa ya Ryzen 5 2600X au Core i7-6800K, kadi ya grafiki, ile inayochora picha, ya GTX 970 au RX 5700, kumbukumbu ya GB 16 na intaneti ya Mbps 10 (megabiti kwa sekunde). Kiwango wanachopendekeza ni Ryzen 7 2700X au Core i7-10700K, kadi ya RTX 2080 au RX 5700 XT, GB 32 na Mbps 50. Hiyo intaneti usiipuuze. Toleo hili huhitaji diski ya GB 50 tu kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi, majengo na hata ndege hushushwa mtandaoni wakati unaruka. Mtandao ukisuasua, utaona milima iliyoyeyuka na majengo yasiyo na sura, na hakuna kadi ya grafiki itakayoponya hilo.

Kama intaneti yako ni ya kubahatisha au unalipia kwa kipimo, tazama X-Plane 12. Mandhari yake hukaa kwenye diski yako, hurushika bila mtandao, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inaanzia GB 8 za kumbukumbu, ila 16 hadi 24 ndizo zinazopendekezwa, pamoja na kadi yenye angalau GB 4 zake yenyewe. Ina toleo la majaribio lisilolipiwa. Lipakue kwenye kompyuta uliyo nayo sasa kabla ya kununua chochote. Ipo pia FlightGear, ambayo ni ya bure moja kwa moja na hukubali mashine za zamani. Kwa mtu anayetaka kupasha moto mikono kabla ya kufungua pochi, hakuna pa kuanzia pazuri kuliko hapo.

Sasa skrini, maana ndiyo inayoamua kadi ya grafiki. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani nukta za picha, milioni 2.07. Ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69. Ya 4K ina milioni 8.29, yaani kadi inachora mara nne ya ile ya kwanza katika kila fremu, picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda mwendo. Achana na 4K kwa bajeti hii. Lakini kuna jambo la macho ambalo wauzaji hawalitaji: skrini ya inchi 32 yenye 2560 kwa 1440 ina nukta 92 kwa kila inchi, sawasawa na ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080. Maandishi ya Windows yatakuwa na ukubwa uleule, ila chumba cha rubani kitaonekana kikubwa zaidi. Ya inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 ina nukta 109, kwa hiyo herufi za Windows zinakuwa ndogo. Ni nzuri kwa macho ya kijana. Kama unavaa miwani ya kusomea, chagua inchi 24 ya 1080 kwa bei ndogo, au inchi 32 ya 1440 ukijaliwa.

Kwa inchi 24, mashine hii itakubeba vizuri katika programu zote tatu:

Prosesa ya Ryzen 5 5600, yenye viini 6, juu ya ubao mama, ule unaounganisha vipuri vyote, wa B550. Kumbukumbu ya GB 32 aina ya DDR4-3200, iwe vipande viwili vya GB 16, kwa sababu kipande kimoja cha GB 32 hupitisha data kwa njia moja tu na prosesa hubaki ikisubiri. Diski ya SSD aina ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, TB 1. Kadi ya RTX 3060 yenye GB 12, au RX 6600 yenye GB 8 kama unabana matumizi. Pawasaplai ya wati 550 kwa RX 6600, au 650 kwa RTX 3060, kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika. Na kasha lenye wavu mbele, si kioo, ili hewa ipite.

RTX 3060 huuzwa pia ikiwa na GB 8, na muuzaji anaweza kuandika jina tu. Dai kuoneshwa kwa maandishi kwamba ni GB 12. Tunaipendelea kwa sababu simuleta za ndege hula kumbukumbu ya kadi kuliko michezo mingi: chumba cha rubani chenye skrini zinazobadilika, uwanja mkubwa na mji chini yake vyote hukaa humo kwa pamoja.

Ubao huo una faida nyingine. Soketi yake, AM4, hupokea pia Ryzen 7 5700X3D, yenye MB 96 za kumbukumbu ya ndani ya prosesa (cache) badala ya MB 32 za 5600. Simuleta hunufaika sana na kumbukumbu hiyo. Anza na 5600, na miaka ijayo ukiipata 5700X3D iliyotumika kwa bei ya haki, unabadilisha prosesa tu. Haiji na feni yake, kwa hiyo panga na hiyo.

Fedha usizipoteze kwenye taa za rangi, vipozaji vya maji, na prosesa za viini 16. Kiasi hicho kipeleke kwenye jostiki na skrini, vitu ambavyo mkono na jicho lako vitavigusa kila siku.

Siku ya kuiwasha, kagua mambo mawili. Kwanza, kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi ya grafiki, si kwenye ubao mama. Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani, hivyo ukikosea utaona giza tu na kudhani mashine imekufa. Pili, ingia kwenye BIOS, menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya kumbukumbu ambao kwenye ubao mama wa aina nyingine huitwa DOCP. Usipoiwasha, mara nyingi kumbukumbu uliyoilipia kama 3200 itafanya kazi kwa 2133 au 2666 bila kukwambia. Ukisharudi kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji (Performance), na usome kasi ya kumbukumbu hapo.

SWALI: Nimeona kompyuta za ofisi zilizotumika, Core i5, bei ndogo sana. Nikiongeza kadi ya grafiki si nimemaliza?
*Msomaji anayehesabu senti*

JIBU: Inawezekana, na kwa X-Plane 12 ni njia tunayoipenda, ila ipite kwenye milango mitatu kwanza.

Mlango wa kwanza ni kizazi cha prosesa. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0, kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta. Neno "Core i5" peke yake halikwambii kitu. Soma namba inayofuata: i5-8500 inapita, i5-7500 haipiti, ingawa kwa sura ya nje ni pacha.

Wa pili ni kasha. Zile nyembamba zinazolala chini ya skrini hupokea kadi fupi tu za kimo cha nusu. Tafuta ile ya mnara kamili.

Wa tatu ndio unaowaangusha wengi: umeme. Nyingi zina pawasaplai ya wati 180 hadi 260, isiyo na waya wa kulisha kadi ya grafiki, na yenye plagi ya mtengenezaji mwenyewe ambayo pawasaplai ya kawaida haiingii. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75, basi. Kwa hiyo kadi yako ni lazima iishi ndani ya wati hizo: RTX 3050 ya GB 6 hutumia 70, na ipo ya kimo cha nusu. GTX 1650 ya wati 75 pia huingia, lakini GB 4 zake ni chache leo, na matoleo yake mengine yanadai waya wa ziada. Usikubali kibadilisho cha kuvuta umeme wa kadi kutoka waya wa diski. Waya ule haukusukwa kwa mzigo huo, na plagi huyeyuka.

i5-8500 yenye GB 16 na RTX 3050 ya GB 6 itarusha X-Plane 12 kwa mpangilio wa kati. Kwa Flight Simulator 2024 hatushauri.

SWALI: Baba amestaafu na nataka kumzawadia laptopu ya kurushia ndege. Ipi?
*Mtoto wake*

JIBU: Ndugu, kama baba ana meza, mpe ya mezani. Laptopu mbili zenye jina moja la RTX 4060 zinaweza kutofautiana sana, kwa kuwa mtengenezaji huruhusiwa kuipa kadi hiyo wati 35 au hadi 115, na namba hiyo hufichwa ndani ya maelezo. Joto nalo hupunguza kasi baada ya nusu saa, wakati safari ndiyo kwanza inakolea. Ikilazimika, uliza wati za kadi, nunua yenye nafasi ya kuongeza kumbukumbu, na uiinue kwa nyuma ili feni zipumue.

SWALI: Bado ninao usukani wangu wa zamani na pedali. Vitafaa?
*Rubani wa tangu enzi za disketi*

JIBU: Mzee wetu, tazama plagi. Kama ni ile pana ya pini 15, ni ya tundu ambalo kompyuta za leo hazina. Vibadilisho vya kwenda USB vipo, ila vingi husoma mwendo kwa ngazi chache, na ndege itaruka kwa mishtuko. Pumzisha.

Kama ni USB, kuna matumaini. Chomeka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha ufungue sifa za kifaa. Sogeza kila mhimili, yaani kila upande ambao usukani au pedali husogea, polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Alama ikitetemeka huku mkono umetulia, vihisi vya ndani vimechakaa au vina vumbi. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme husaidia kwa muda, na ukanda mfu (eneo la katikati ambalo mwendo hauhesabiwi) wa asilimia 3 hadi 5 ndani ya simuleta huficha mtetemo uliobaki. Ukizidisha hapo, utapoteza ule mguso mdogo unaohitaji wakati wa kutua.

Usukani ukikatika katikati ya safari, mara nyingi Windows ndiyo imezima tundu la USB kuokoa umeme. Fungua kidhibiti cha vifaa (Device Manager), kwa kila kitovu cha USB ondoa alama inayoruhusu kuzimwa, na tumia kigawanyo cha USB chenye umeme wake.

Unaponunua kipya, tafuta jostiki inayosoma mwendo kwa sumaku. Vihisi vya sumaku havina sehemu zinazosuguana, hivyo havichakai kwa namna ile. Thrustmaster T.16000M ni mfano, na hushikwa kwa mkono wowote, jambo la maana kwa mwenye maumivu ya viungo. Shina lake hujizungusha kufanya kazi ya pedali. Kifundo cha mkono kikiuma, washa msaada wa usukani wa mkia ndani ya programu.

SWALI: Angani ndege yangu huenda laini, lakini nikikaribia uwanja mkubwa picha inakatakata. Ninunue kadi mpya?
*Anayetua kwa tabu*

JIBU: Usinunue bado. Katika Flight Simulator, washa hali ya msanidi (Developer Mode) kwenye mipangilio, kisha uoneshe kihesabu cha fremu. Kitakwambia nani anachelewesha. Kikiandika "MainThread", ni prosesa: punguza "Terrain Level of Detail" hadi 100 au chini yake, na upunguze ndege na magari ya uwanjani. Kadi mpya haitabadilisha chochote hapo. Kikiandika "GPU", punguza mawingu na kiwango cha uchoraji.

Fremu zikianguka ghafla kutoka 35 hadi 5 na zisipande tena, kumbukumbu ya kadi imejaa na data inamwagikia kwenye kumbukumbu ya kawaida, ambayo ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Shusha ubora wa sura za nje (Texture Resolution) ngazi moja, uiwashe upya programu.

Kisha funga fremu kwenye 30. Skrini ya hezi 60 huonesha kila fremu mara mbili kamili, na jicho huona mwendo laini. Fremu zinazoruka kati ya 34 na 48 huonekana mbaya zaidi, ingawa namba ni kubwa.