Uliza Ujibiwe: Sanamu za Wamumuye

*Safari hii barua nne, zote za Arusha na Moshi, zimegusa vinyago vya aina moja. Tumeziweka pamoja.*

Kwenye duka moja la vinyago hapa mjini nimeonyeshwa sanamu ya mti, nyembamba, urefu kama mkono wa mtu mzima, masikio yananing'inia karibu na mabega. Muuzaji anasema ni ya Wamumuye, ina zaidi ya miaka mia, na hashuki chini ya laki nane. Nitajuaje kama ni ya kale kweli?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Wamumuye wako kaskazini-mashariki mwa Nigeria, jimbo la Taraba, kwenye milima iliyo kusini mwa mto Benue, pande za Zing na Jalingo. Sanamu hizo huitwa iagalagana. Zilichelewa sana kujulikana nje; hata chache zilizokuwa Ulaya ziliwahi kuandikiwa jina la majirani zao, Wachamba. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wa vita vya Biafra, nyingi zilitolewa Nigeria kwa mkupuo, na bei ilipopanda, wa kuziiga nao wakaingia kazini. Kwa hiyo ukikutana na moja Arusha, anza kwa kudhani ni mpya. Mzigo wa kuthibitisha kinyume chake ni wa muuzaji, si wako.

Igeuze, utazame nyayo. Sanamu iliyosimama miaka kwenye sakafu ya udongo huliwa na unyevu na mchwa kuanzia chini, na huliwa upande mmoja kuliko mwingine. Ukikuta chini pamekatwa sawasawa kwa msumeno, halafu pamepakwa rangi ile ile ya mwilini, hapo pametengenezwa.

Kisha fuata mkono. Kinyago kinachoshikwa hung'aa pale kinaposhikwa: kiunoni, shingoni, ukingoni mwa mikono. Ndani ya uwazi kati ya mkono na kiwiliwili, ambako kidole hakiingii vizuri, hubaki kukavu na vumbi lililoganda. Wanaozeesha vitu kwa haraka hupaka udongo na masizi kila mahali kwa usawa. Lowesha pamba kidogo, sugua sehemu iliyofichika. Ikitoka nyeusi na harufu ya rangi ya viatu, umepata jibu. Ujanja huo si mgeni hapa kwetu: ndio unaogeuza mti mweupe kuwa "mpingo".

Matundu ya wadudu nayo husema. Mdudu huchimba ndani, nje akaacha kitundu cha duara tu. Ukiona mifereji iliyo wazi ikitambaa juu ya uso wa sanamu, mara nyingi mti uliliwa kwanza, ukachongwa baadaye. (Isipokuwa pale ambapo uso wenyewe umemomonyoka, kama nyayoni.)

Mwisho, karatasi. Sheria ya Nigeria ya 1979 inakataza kutoa kitu cha kale nchini bila kibali. Kwa hiyo ama sanamu ni mpya na laki nane ni nyingi, ama ni ya kale na unatakiwa uonyeshwe ilitokaje. Muuzaji hawezi kuzikwepa zote mbili. Kama unaipenda kwa umbo lake, nunua kwa bei ya pambo.

Mimi ni fundi wa vinyago, nimezoea mpingo. Mteja ameniletea picha ya sanamu ya Wamumuye, anataka ya sentimita 60. Nimejaribu mara mbili, mikono imevunjika zote mbili. Kosa liko wapi?
*Fundi, Pasua, Moshi*

Fundi, kosa la kwanza huenda ni mti wenyewe. Sanamu hizi huchongwa kwa mti wa uzito wa kati. Weusi wake ni wa moshi, mafuta na mikono ya watu. Mpingo ni mgumu, mzito, na ukipigwa mahali pembamba hukatika ghafla kama kigae. Tumia mringaringa, ambao huko kwenu Kilimanjaro haukupi shida kuupata, au mjakaranda.

Chukua gogo la sentimita 68 hadi 70, kipenyo kama 16. Zile za ziada ni za kukata ncha zote mbili, maana ufa huanzia huko. Siku hiyo hiyo paka ncha nta au gundi ya mbao. Umbo hili lina bahati moja: kiwiliwili ni kama nguzo, basi kiache kiini cha gogo kipite katikati ya nguzo hiyo. Kiini kikiangukia kwenye mkono, mkono utapasuka tu, uwe fundi wa namna gani.

Sasa nyuzi za mti. Mkono unaoshuka wima unafuata nyuzi, una nguvu. Hatari iko pale unapokunja: begani, kwenye kiwiko, na kwenye magoti yale ya kwenda upande upande. Hapo nyuzi zinakatwa fupi, na mti hauna cha kujishikilia. Bila shaka mikono yako ilivunjikia begani au kiwikoni. Paache pawe panene kwa robo zaidi ya sehemu nyingine. Jicho halitaona, kwa sababu Wamumuye wenyewe huyapa mabega upana.

Mpangilio wa kazi ni huu. Tezo kwanza, utoe kichwa, nguzo ya kiwiliwili na miguu mifupi. Shingo na kiwiliwili vichukue kama theluthi mbili za urefu. Mafundi wengi hurefusha miguu kwa mazoea, na sanamu inageuka mtu wa kawaida. Masikio yaache kama mabamba mawili mazito, na kishungi cha nywele katikati ya kichwa kama upanga wa jogoo. Mikono iwe bado imeshikana na mwili. Hapo simama. Funga kazi kwenye gunia pamoja na vumbi la mbao, weka kivulini wiki tatu au nne. Ukiikomboa mikono mti ukiwa mbichi, mikono itakauka kabla ya kiwiliwili, itavuta, na ufa utaingia begani bila hata kuguswa.

Ukirudi, toboa uwazi kwa keekee ya milimita 8, nusu kutoka mbele, nusu kutoka nyuma, matundu yakutane katikati. Ukitoboa moja kwa moja, upande wa kutokea utabanduka. Panua kwa patasi nyembamba, lakini acha daraja la mti katikati ya kila mkono, kati ya bega na kiwiko. Daraja hilo ndilo linalobeba mapigo yote. Mkono ukifika unene wa sentimita 3, weka nyundo chini. Kuanzia hapo ni kisu na kusukuma kwa kiganja tu, na kitambaa kilichokunjwa kimejazwa kwenye uwazi. Daraja hukatwa siku ya mwisho kabisa. Mkono umalizie kwenye sentimita 2.

Usiipige msasa hadi ing'ae. Alama ndogo za tezo ni sehemu ya uso wake. Nta ya nyuki ya uvuguvugu yatosha. Na chini ya nyayo chonga jina lako na mwaka, ili asije mtu akaiuza kwa yule msomaji wa Njiro.

Mume wangu ameleta sanamu hiyo nyumbani, mama mkwe anasema ni ya uganga na itoke. Ilikuwa ya kazi gani hasa?
*Mama wawili, Sakina, Arusha*

Dada, mama hajakosea kabisa. Watafiti waliofika kwa Wamumuye, kama Arnold Rubin katika miaka ya 1960, walikuta zikitumika kupigia ramli, kutibu, kuombea mvua na kuapia, na pia kumpa mwenyewe hadhi mbele ya wageni. Hazikuwa picha za babu fulani aliyekufa. Ila kazi hiyo ilifanywa na mwenye nayo, kwake. Iliyochongwa kwa ajili ya duka haijawahi kuombewa mvua na mtu. Mwulize mume aliinunua wapi, kisha mkae na mama, si na sisi.

Chini ya kinyago changu kila asubuhi nakuta unga mweupe laini. Nimepaka vanishi, haujakoma.
*Msomaji, Soweto, Moshi*

Hao ni fukusi wa mbao. Vanishi inawafungia ndani wakiendelea kula. Mafuta ya taa nayo yataacha doa, na hayafiki kina walipo mabuu.

Njia salama ni baridi. Funga kinyago kikavu kwenye mifuko miwili ya nailoni, toa hewa, bana kwa utepe. Kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili mfululizo, bila kuizima. Kikitoka, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo umande utaganda juu ya mti baridi na kuuloanisha. Kama kimeunganishwa kwa gundi au kina rangi nene, usikigandishe. Rangi inaweza kubanduka.

Baada ya hapo kung'ute unga wote wa zamani, kisimamishe juu ya karatasi nyeusi mbali na vinyago vingine, ukikague kila wiki kwa miezi mitatu. Kitundu cha zamani kina ukingo uliofifia. Kipya kina rangi ya mti uliokatwa leo.