Maswali ya Wasomaji: Nyumba za Ibada za Mji Mkongwe wa Zanzibar

SWALI: Niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu Zanzibar. Kwa kuwa tulikuwa tumesoma kwamba Mji Mkongwe una makumi ya misikiti, tulitarajia kuona minara kila upande. Tulipopanda juu ya nyumba ili kuutazama mji, tuliona minara miwili ya kanisa la Katoliki, mmoja wa kanisa la Mkunazini, na michache sana ya misikiti. Je, misikiti mingine ilibomolewa? (Mwalimu wa historia, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, haikubomolewa. Bila shaka mliipita mingi vichochoroni pasipo kuitambua, na hilo huwapata wageni wengi. Masultani wa ukoo wa Al Busaidi na Waomani wengi waliohamia Zanzibar pamoja nao walikuwa Waibadhi, yaani wafuasi wa dhehebu la Kiislamu lililo tofauti na Sunni na Shia, na kwa desturi Waibadhi hawakujenga minara wala hawakupamba sana misikiti yao. Muadhini alisimama mlangoni, ngazini au juu ya paa, na katika mtaa ambao nyumba zake zimebanana kiasi kile sauti yake iliwafikia waliokusudiwa. Hata misikiti mingi ya Wasunni wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi visiwani, ilijengwa kwa kimo cha nyumba za jirani. Msikiti ulikuwa wa mtaa, na mara nyingi uliitwa kwa jina la aliyeujenga au la mahali ulipo. Haukukusudiwa kuonekana kutoka baharini.

Mkirudi, waambie wanafunzi watazame ukuta badala ya paa. Mecca iko karibu kaskazini kamili mwa Zanzibar, kwa hiyo ukuta wa kibla hauna budi kuelekea kaskazini hata kama kichochoro kinapinda kwingine. Ndiyo maana mtaona mahali ambapo jengo haliendi sambamba na njia, na penye mihirabu, yaani kishubaka anamosimama imamu, ukuta umetokeza kwa nje kama tumbo dogo lililopakwa chokaa, wakati mwingine likiwabana wapita njia. Wakiliona tumbo hilo, watafute baraza ya mawe, mahali pa kutilia udhu na viatu vilivyopangwa mlangoni, nao watajua kwamba wamefika.

Msikiti wenye mnara ambao ningependa kila mwanafunzi auone uko mtaa wa Malindi, humohumo Mji Mkongwe. Mnara wake ni wa umbo la pia, mpana chini na mwembamba juu, umezungukwa na nakshi za mistari ya pembe pembe, na minara ya aina hiyo katika Afrika Mashariki nzima ni ya kuhesabika. Msikiti wenyewe ni miongoni mwa mikongwe kabisa mjini. Msikiti Ijumaa wa jirani yake, ingawa asili yake ni ya zamani, ulijengwa upya mwaka 1994, na wanafunzi watajifunza mengi wakilinganisha majengo hayo mawili.

Naomba pia msisahau kwamba misikiti hii ilikuwa shule. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija, kisiwa cha Comoro, akawa kadhi wa Zanzibar, na Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, ambao wote walifariki mwaka 1925, waliwavuta wanafunzi kutoka pwani yote. Madrasa ya Bakathir ilikuwa mtaa wa Ukutani, katikati ya mitaa hiyohiyo mliyopita. Mwanafunzi aliyetoka Lamu au Comoro alihitaji mahali pa kulala, chakula na mwalimu, na mengi ya hayo yaliwezekana kwa sababu ya wakfu: tajiri aliweka nyumba au duka, na kodi yake ikatumika kununulia mafuta ya taa, kutengenezea kisima, kumlipa imamu na kuwatunza wanafunzi. Mfumo huo ungalipo, chini ya usimamizi wa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Katika eneo hilohilo, ambalo mtu hulivuka kwa miguu kwa muda mfupi, kuna nyumba za Washia wenye asili ya India, yaani msikiti wa Mabohora, misikiti ya Makhoja Ithnaasheri na jamatkhana (nyumba ya ibada) ya Waismailia, na pia hekalu la Kihindu la Shiva Shakti huko Hurumzi. Waliojenga nyumba hizo walikuja kwa jahazi kutoka Kutch na Gujarat, wengi wao wakiwa wafanyabiashara. Kanisa la minara miwili mliloliona ni la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1893 na 1898 na wamisionari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao tangu 1868 walikuwa pia na misheni yao Bagamoyo.

SWALI: Katika Kanisa la Anglikana la Mkunazini mtembeza wageni alituambia mambo mengi: kwamba altare iko palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa, kwamba nguzo zimesimama kichwa chini, na kwamba mahandaki ya jirani ndimo watumwa walimofungiwa. Ni yapi ya kuamini? (Msomaji wa kike, Mombasa)

JIBU: Dada yangu, la msingi ni kweli tupu. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, nalo lilifungwa Juni 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Aliyelisimamia jengo ni Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, yule aliyekusanya hadithi na sarufi ya Kiswahili na kutafsiri sehemu kubwa ya Biblia. Alifariki mwaka 1882, na kaburi lake liko nyuma ya altare. Kwamba altare imewekwa mahali pa mti wa kuchapia ni mapokeo ya kanisa lenyewe tangu zamani, na duara la marumaru sakafuni limewekwa kukumbusha hilo.

Nguzo za karibu na mlango kweli zimepinduliwa. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Kwangu mimi, paa ndilo linalostahili kutazamwa zaidi: ni kuba refu lililomiminwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa, lisilo na nguzo katikati, na wengi wa wakati ule waliamini kwamba lingeanguka. Utazame pia msalaba uliotengenezwa kwa mti uliokuwa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake Chuma, Susi na wenzao, waliokuwa wakimhudumia mpelelezi David Livingstone safarini, waliuzika moyo wake mwaka 1873.

Kuhusu mahandaki ninasita. Jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali, baada ya soko kufungwa, na kwa sababu hiyo wanahistoria wamepinga simulizi kwamba watumwa walifungiwa humo. Ningependa watembeza wageni waseme hivyo waziwazi. Waliouzwa pale walikuwa watu halisi waliotoka Nyasa, Manyema na kwingineko, na mateso yao yamethibitishwa vya kutosha na kumbukumbu zilizoandikwa. Uani kuna sanamu za watu watano waliosimama shimoni wakiwa na minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Simama hapo kwa muda mrefu kuliko utakaokaa mahandakini.

Jambo moja ambalo pengine hukuambiwa ni kwamba sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji, na saa ya mnarani ilitolewa na Sultani Barghash, Mwislamu. Naona ni haki majina yao yatajwe pamoja na la Steere kila historia ya kanisa hilo inaposimuliwa.

SWALI: Msikiti wetu mkongwe unabambuka lipu upande wa chini, na ukuta una unyevu. Mfadhili amejitolea kutupa saruji na vigae. Je, tukubali? (Mjumbe wa kamati ya msikiti, Zanzibar)

JIBU: Mzee wangu, mshukuruni sana mfadhili, lakini mwombeni abadilishe sadaka yake. Ukuta wenu umejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, vitu ambavyo hufyonza maji ya mvua na ya ardhini kisha huyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Mkiufunika kwa saruji au vigae, maji yatakosa pa kutokea, yatapanda juu zaidi, na chumvi itajikusanya ndani na kulivunja jiwe hadi liwe unga. Ubaya zaidi ni kwamba unyevu huo hufika kwenye vichwa vya boriti za mikoko vilivyoingia ukutani, vikaoza bila kuonekana, na dari ikaja kuanguka ghafla.

Anzeni na maji yenyewe. Kagueni paa na mifereji yake, kisha bomba la mahali pa udhu, ambalo mara nyingi ndilo linalovuja, kisha njia ya maji nje ya ukuta. Ondoeni saruji yoyote iliyopigwa zamani na muuache ukuta ukauke kiangazi kizima. Baada ya hapo pigeni lipu ya chokaa iliyozimwa na kulowekwa vya kutosha, tabaka kwa tabaka, na mwaka hadi mwaka mpake chokaa kama wazee walivyofanya kabla ya Ramadhani. Gharama ya chokaa haitamlemea mfadhili. Kinachoadimika ni fundi anayeijua. Kabla ya kugusa chochote nendeni ofisi ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, kwa sababu kibali chao kinahitajika kisheria, na mwulizeni mkaguzi wao ni mafundi gani wa chokaa waliopo kazini sasa.