Chumvi ipungue, viungo viongezeke

Faida kubwa ya viungo jikoni si ile ya kikombe cha manjano kinachosifiwa kuponya kila ugonjwa. Ni kwamba chakula kilichoungwa vizuri hakidai chumvi nyingi, na chumvi nyingi hupandisha presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kisichojaa kupita ukingo. Soma karatasi ya vidonge vya supu: mara nyingi chumvi ndiyo inayotajwa kwanza.

Chukua maharage ya nazi, nusu kilo kwa watu 6. Yaroweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe mpaka yalainike kabisa. Huku yakichemka, kaanga bila mafuta kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba, viwili vya mbegu za giligilani na nusu kijiko cha pilipili manga. Moto uwe mdogo, dakika 1 au 2, mkono usiache kukoroga. Harufu ikipanda, mimina kwenye sahani papo hapo, kwa sababu kikaango chenye moto huendelea kuziunguza hata kikiwa nje ya jiko. Zikiwa nyeusi, tupa uanze upya. Hakuna tui linaloficha uchungu huo. Zikipoa, zitwange.

Ponda punje 4 za kitunguu saumu, uziache dakika 10 kabla ya kuzitia motoni. Alisini, ile dutu yenye ukali na harufu, haimo kwenye punje nzima. Hutokea punje inapopondwa, na moto wa haraka huizuia isitokee.

Kaanga kitunguu maji kwa vijiko 2 vya mafuta. Kikilainika, tia saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, na nusu kijiko cha chai cha manjano. Manjano huungua upesi, basi nusu dakika inatosha, kisha tia nyanya. Kurkumini, dutu inayoyapa manjano rangi yake, mwili huifyonza kwa shida. Mafuta ya tui na pilipili manga huisaidia. Changanya na maharage, tia viungo ulivyotwanga, tui jepesi, halafu tui zito.

Chumvi iwe ya mwisho: nusu kijiko cha chai, yenye madini joto. Kila mlaji atapata kama nusu gramu. Epua, kamulia ndimu moja. Ukali wa ndimu huufanya ulimi uhisi chumvi zaidi, lakini ukiikamua maharage yakiwa bado magumu, yatachelewa kuiva. Nyumba iliyozoea chumvi nyingi ipunguziwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, la sivyo kila mtu ataomba kopo la chumvi mezani, na hapo kazi yote imepotea.

Kipimo cha mchuzi si kipimo cha dawa. Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asimeze manjano wala saumu ya vidonge bila kumwuliza daktari, na vidonge vya manjano vimewahi kuumiza maini ya watu. Kungumanga nayo ikunwe chembe tu. Vijiko kadhaa huleta mapigo ya moyo ya kasi na kuweweseka.

Nunua viungo vizima, si unga. Unga hupoteza harufu mapema, na ni rahisi kuchanganywa na rangi. Viweke kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na jiko.