Ada ya shule ya dini na fedha za bwawa

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anasoma kidato cha 2 katika sekondari ya bweni ya dini, wilayani Kilosa. Wenzake wa shule za serikali hawalipi ada tangu 2016, ilhali kodi tunalipa sote, na shule yake bado inatumia jenereta. Serikali iliyomudu shilingi trilioni 6.5 za bwawa la Rufiji inashindwaje kutulipia ada na sisi? (Mzazi, Kilosa)

JIBU: Ndugu mzazi, mzigo wako ninauona, lakini bwawa hilo la umeme la Rufiji, yaani Bwawa la Julius Nyerere, silo lililokunyima ada. Mradi ule una mwanzo na mwisho: mitambo 9 ikishafungwa, megawati 2,115 zimepatikana. Ada hurudi kila Januari, na huongezeka kila shule mpya inapofunguliwa.

Fedha, hata hivyo, si kikwazo kikubwa kuliko haki baina ya dini. Ibara ya 19 ya Katiba imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na sababu yake tunaijua. Mwaka 1969 serikali ilitaifisha shule, nyingi zikiwa za misheni, kwa kuwa watoto wa Kiislamu walikuwa wameachwa nyuma mno na mfumo wa kikoloni. Mwaka 1992 ikatia saini makubaliano na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya, na Waislamu wengi wameyalalamikia hadi leo. Baadaye serikali ya Rais Mkapa ikawapa Waislamu majengo ya chuo cha TANESCO mjini Morogoro, ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Waislamu. Ule ulikuwa uamuzi mwema, nami naushukuru. Ila nchi haiwezi kuendelea kugawa kwa zamu, kila upande ukihesabu alichopata mwenzake. Ada ikilipwa na Hazina, hesabu hiyo itaingia katika kila bajeti na kila kampeni.

Ndiyo maana naona msaada unaofaa ni ule usiouliza shule ni ya nani, na nguzo ya umeme haiulizi. Niliwahi kulala katika shule ya wasichana ya namna hiyo. Saa 3 usiku jenereta ilizimwa, na mabinti wakahamia barazani na tochi moja kwa daftari nne. Matroni alinionyesha kitabu cha dizeli, lita kwa lita, tarehe kwa tarehe. Gharama yote ile ilikuwa ndani ya ada.

Basi mweleze mbunge wenu kwamba kijiji hakijapata umeme kamili ikiwa laini ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imeishia sokoni na shule ya bweni imeachwa gizani. Nanyi wazazi, katika kikao kijacho iombeni bodi ya shule mchanganuo wa ada, mwone fungu la dizeli ni kiasi gani, kisha muafikiane kwa maandishi kwamba siku umeme utakapowashwa fungu hilo litapunguzwa kwenye ada.