Tindikali ya Damu Si Tindikali ya Tumbo

SWALI: Mama yangu ana miaka 61 na ameishi na kisukari kwa muda mrefu. Mwezi uliopita daktari alituambia kwamba figo zake zimepungua nguvu na damu yake imezidi tindikali. Karatasi ya maabara imeandikwa bikaboneti 17. Amepewa vidonge vya sodiamu bikaboneti. Shangazi anasema maji ya magadi yanatosha, tena amemkataza mama asiguse ndimu. Mimi siku zote nilijua tindikali ni ya tumboni. Figo zinaingiaje hapo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Tindikali inayoleta kiungulia hukaa tumboni, lakini daktari wa mama anazungumzia damu, ambayo kwa mtu mwenye afya huwa na pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi) ya kati ya 7.35 na 7.45, yaani imeelemea kidogo upande wa alkali, ambayo ni kinyume cha tindikali.

Kila siku mwili huzalisha tindikali. Kaboni dayoksaidi hutolewa na mapafu, lakini protini ya nyama, samaki na mayai ikishavunjwa huacha tindikali ya salfa, ambayo haitoki kwa pumzi. Njia yake ni mkojo. Kwa mtu wa kilo 60, mzigo huo ni takriban milimoli 60 kwa siku (milimoli ni kipimo cha kiasi cha kemikali).

Figo huchuja karibu lita 180 za majimaji ya damu kila siku, na humo hupita bikaboneti, akiba inayozimua tindikali. Figo zenye afya huirudisha karibu yote kwenye damu. Hata hivyo, kurudisha kilichobaki hakutoshi, kwa kuwa sehemu ya akiba imekwisha kutumika, na hapo ndipo ilipo kazi ambayo mimi huistaajabia kuliko zote: seli za vijineli vya figo, yaani mirija midogo inayopitisha majimaji yaliyochujwa, huivunja glutamini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na kutoa amonia, amonia hiyo huibeba haidrojeni ya tindikali hadi kwenye mkojo, na papo hapo bikaboneti mpya huingia kwenye damu. Fosfeti nayo husaidia kubeba. Pasipo wabebaji hao, kwa vile mkojo hauwezi kuwa mkali kupita pH ya 4.5 hivi, mama angelazimika kukojoa karibu lita 1,900 kwa siku ili kuutoa mzigo wa siku moja.

Kisukari kikishaharibu sehemu kubwa ya vichujio, vijineli vilivyobaki hushindwa kutengeneza amonia ya kutosha, na bikaboneti hushuka chini ya 22, kama ilivyotokea kwa mama. Mapafu hujaribu kusaidia kwa kupumua haraka na kwa kina zaidi. Mifupa nayo hutoa madini yake ili kuzimua tindikali, na misuli hudhoofika, hata kama mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Vidonge alivyopewa vinarudisha kile ambacho figo zimeshindwa kukitengeneza.

Kuhusu magadi, naomba sana msiyatumie badala ya dawa. Ni kweli yana bikaboneti, lakini yamechanganyika na kaboneti iliyo kali zaidi, hakuna ajuaye bilauri moja ina kiasi gani, na mengi yana floridi, ambayo hutolewa na figo zilezile zilizochoka. Vidonge navyo vina sodiamu, kwa hiyo mama akivimba miguu au presha ikipanda, mwambieni daktari mapema badala ya kuviacha kimyakimya.

Ndimu mwacheni akamulie mchicha wake. Ukali wake ni wa ulimini; ikishafika mwilini, tindikali yake huunguzwa na haibaki kuwa mzigo kwa figo, na kwa jumla matunda na mboga huelekeza damu upande wa alkali. Jambo la kuuliza ni potasiamu, ambayo figo dhaifu huikusanya na ambayo ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo: kabla ya kumwongezea ndizi, parachichi, machungwa au maji ya madafu, mwombeni daktari awasomee kipimo chake.