Ukiona 2147483647 kwenye databezi, simama kwanza

Wadogo zangu mnaoanza koding, kuna namba moja naomba muikariri kabla hamjafika mbali: 2147483647. Siku utafungua jedwali la wateja ukute kila mtu ana namba moja ya simu, ndo hiyo hiyo kuanzia juu mpaka chini, na utadhani ni mtumiaji anakuchezea. Hakuna anayekuchezea. Namba ya Bongo ukiianza na 255 ina tarakimu 12, maana yake kwa kompyuta ni zaidi ya bilioni 255, sasa wewe umeiweka kwenye kolamu ya INT (aina ya namba nzima) ambayo mwisho wake ni bilioni mbili na ushee, basi MySQL (programu ya kuendesha databezi) ikiwa haijawekwa kwenye strict mode, yaani hali ya kukataa data isiyofaa, inaikata tu na kuandika ile kubwa kuliko zote inayoweza kubeba, na namba halisi ya mteja imepotea hairudi. Namba ya simu hujumlishi wala hugawanyi, iweke kama maandishi, VARCHAR, na ile sifuri ya mbele nayo itabaki.

Kwa nini iishie hapo? INT ina biti 32 (nafasi za 0 au 1), moja inabeba alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, kwa hiyo kikomo ni 2 kipeo cha 31 ukitoa 1. Kwenye lugha ya Java ukiiongezea 1 hupati error yoyote, inageuka kuwa -2147483648 kimya kimya, na hapo ndo hela za watu zinapoharibika. Mfano unahifadhi malipo kwa senti: kikomo chako ni shilingi 21,474,836 na senti 47, duka la jumla Kariakoo linafika hapo bila shida.

Halafu namba yenyewe ni tamu, naipenda kweli. Ni namba tasa! Mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa, na kompyuta hakuna. Kwa kawaida ungejaribu kuigawa kwa kila namba tasa mpaka 46,340, na ziko zaidi ya 4,000. Yeye aliona kwamba namba tasa yoyote ya kuigawa hii lazima ukiigawa kwa 248 ibaki 1 au 63, basi, zikabaki za kujaribu chini ya mia. Hiyo ndo akili ya kujifunza, kabla hujaandika loop ya kuzunguka kila kitu kaa chini ujiulize nini hakiwezekani ukitupe mapema.

Kingine ni muda. Mifumo mingi inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na kwa biti 32 sekunde ya 2147483647 inaangukia 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7. Sekunde inayofuata namba inageuka hasi kama kule kwenye Java, na mfumo unarudi Desemba 1901. Msiseme bado mbali, mkopo wa nyumba wa miaka 15 ukitolewa leo marejesho ya mwisho yanapita hapo, na TIMESTAMP ya MySQL (aina ya kolamu ya kuhifadhi muda) haiipokei hiyo tarehe. Kwa kazi hiyo tumia kolamu ya DATETIME, na sekunde kama lazima uzihifadhi weka BIGINT, namba nzima ya biti 64.