Gari dogo la kufanyia mazoezi ya eabrashi: kagua plastiki kabla ya bei

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Arusha, nimemaliza kozi ya kupaka rangi magari na nimejinunulia eabrashi, ile kalamu ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa, yenye tundu la milimita 0.3, pamoja na kompresa ndogo. Nataka kuuzoesha mkono kwenye magari madogo kabla mtu hajaniamini na tangi la pikipiki yake. Magari ya kuunganisha ya Tamiya nimeyaona mtandaoni, lakini nikijumlisha na usafiri bei inanishinda. Nikanunua gari la mtoto sokoni, nikalipuliza likapendeza, kesho yake rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Magari ya bei nafuu nitayapata wapi, na nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nianze na hilo ganda la kitunguu, maana usipolielewa utanunua magari mengine kumi na yote yatabanduka vilevile. Mkono wako hauna kosa, kosa liko kwenye plastiki. Magari ya watoto ya bei ya chini kabisa, yale mepesi yanayobonyea ukiyaminya, mara nyingi ni ya polipropilini au polietilini, jamaa moja na ndoo na madumu. Plastiki hizo hazishikwi na kitu kirahisi. Dondoshea tone la maji uone linavyojikusanya kama shanga badala ya kutandaa. Rangi nayo hukaa juu juu hivyohivyo, inakauka bila kuuma. Bampa nyingi za magari ya siku hizi ni polipropilini pia, na ndiyo maana bampa iliyopulizwa haraka haraka bila praima ya plastiki, yaani rangi ya chini ya kushikisha, humenyeka vipande vipande. Umekutana na tatizo la gereji mapema, si vibaya.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Kata kipande cha plastiki kama punje ya mchele kutoka upande wa chini wa gari, kitumbukize kwenye glasi ya maji uliyotia tone la sabuni, kisukume kwa kidole mpaka mapovu ya hewa yatoke. Kikielea, ni polipropilini au polietilini. Kikizama, na gari lenyewe ni gumu, linalia ukiligonga kwa ukucha, kwa kawaida ni polistirini au ABS, na hizo rangi inazishika vizuri. Hata hayo magari ya Tamiya unayoyatamani ni polistirini. Plastiki laini inayonyumbuka kama mpira nayo huzama, lakini iache: mafuta yaliyomo ndani yake hupanda juu na rangi inabaki kunatanata. Sokoni huwezi kukata mali ya mtu, kwa hiyo geuza gari uangalie alama ya pembetatu chini yake kama ipo. Namba 2 na 5 rudisha mezani, namba 6 nunua.

Sasa ukubwa. Vigari vidogo vya chuma kama vya Hot Wheels na Matchbox, vya kipimo cha 1/64, yaani gari halisi lililopunguzwa mara 64, vinapatikana kirahisi na vinavutia, ila urefu wake ni kama sentimita 7 tu. Mlango mzima ni upana wa ukucha. Huwezi kujifunza kufifisha rangi kutoka bluu iliyokolea hadi nyeupe kwenye nafasi hiyo. Utajifunza kujaza tu. Tafuta 1/24, ambayo ni karibu sentimita 19 kwa gari la kawaida, au bora zaidi 1/18, karibu sentimita 25. Hapo boneti ina mbinuko wa kweli, matao ya matairi yana kivuli chake, na mkono unalazimika kufuata umbo kama utakavyofuata tangi.

Kwa bei, nenda kwenye mitumba kabla ya maduka ya vitu vya watoto. Huko Arusha pita Kilombero, na ukishuka Moshi ingia Memorial. Dar ni Karume, na msomaji wa Nairobi aende Gikomba au Toi. Waulize wanaofungua marobota ya vitu vya watoto. Magari makubwa ya chuma ya Bburago na Maisto hutokea humo yakiwa yamevunjika kioo, hayana tairi moja, au yamechubuka. Mtoto hayataki tena na muuzaji anajua, kwa hiyo bei inashuka. Wewe unachohitaji ni bodi tu. Mimi huchagua lililochubuka rangi kwa makusudi, kwa sababu nitaimenya yote.

Na hapo ndipo penye akiba kubwa kuliko kutafuta magari mengi: gari moja la chuma unaweza kulipuliza na kulimenya mara ishirini. Geuza chini, utaona skrubu au ribiti, yaani pini za chuma zilizopondwa kichwa. Skrubu zifungue kwa bisibisi, ribiti zitoboe vichwa kwa drili ya milimita 3 hadi 4, bodi itaachana na chasisi, vioo na viti. Rangi ya kiwandani iondoe kwa dawa ya kumenyea rangi ya dukani, ukiwa nje na umevaa glavu. Tafadhali usitumie kostiki soda ya watengeneza sabuni, ingawa kuna wanaokushauri hivyo. Bodi hizi zimemiminwa kwa zinki iliyochanganywa na aluminiamu, na kostiki huzila zote mbili huku ikitoa gesi inayoshika moto. Utatoa gari limejaa vishimo.

Gari la plastiki ni habari nyingine. Tina na asetoni huyeyusha polistirini na ABS mbele ya macho yako. Ukipuliza rangi za maji, spiriti ya duka la dawa inatosha kuzitoa: loweka, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza.

Kabla ya kupuliza, osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, kwa sababu gari jipya hubaki na mafuta ya kalibu na la mtumba lina jasho la mikono. Pitisha msasa wa maji namba 800 mpaka mng'ao ufe. Praima ya plastiki kwa plastiki, praima ya chuma kwa chuma, tabaka jembamba mara mbili. Rangi iwe nyepesi kama maziwa, anzia shinikizo la hewa la psi 20 hivi kwenye kompresa, ushuke kadiri unavyosogea karibu kuchora mstari.

Ila usianze na gari. Wiki mbili za kwanza puliza makopo ya soda matupu. Yana mviringo, yanapatikana kila baa, na rangi ikichuruzika hujapoteza kitu.

Baada ya gari nenda gereji, si dukani. Mafundi wa bodaboda huweka pembeni kava za ubavuni na madigadi yaliyopasuka. Omba, wengi watakupa bure. Kwenye spea za mtumba tafuta kava la site mira, kile kioo cha pembeni cha gari. Ukubwa wake unaenea kiganjani, mbinuko wake ni wa gari halisi, na kwa ndani mara nyingi imechapwa aina ya plastiki, ABS au PP (polipropilini). Chukua la ABS kwanza. La PP lichukue baadaye, siku utakayonunua praima ya plastiki, ujifunzie kazi ya bampa.

Jambo moja nakuomba kwa dhati. Kliya, ile rangi angavu ya juu ya kung'arisha, ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) usiiguse kwenye mazoezi ya chumbani. Ina kemikali ya isosianati, inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Tumia rangi za maji, fungua madirisha, vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke. Rangi ya gari la zamani isugue ikiwa na maji, kwa sababu baadhi zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Na gari ukishalipuliza, liweke juu ya kabati. Wadogo zako watalitaka, na rangi ya magari haikutengenezwa kwa ajili ya mdomo wa mtoto, hata ikishakauka.